Karaya, Kijiji Kilichongojana

Ukiwa Uriri na ukauliza njia ya kwenda Karaya, utaonyeshwa barabara ya vumbi jekundu inayoteremka kati ya mashamba ya miwa mpaka Mto Nyagowa. Wageni hudhani Karaya ni jina la ukoo, au la shujaa fulani wa zamani aliyezikwa hapo. Sivyo. Karaya ni karaya tu, beseni la bati la kuoshea vyombo. Mwenye beseni hilo yu hai, anapika chai, na akikusikia ukimwita mwanzilishi wa kijiji atakuambia uache kumzeesha mbele ya wateja.

Jina lake ni Phelesia Achieng, ingawa karibu kila mtu humwita Mama Lynnet, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuja kuolewa hapo akiwa msichana mwembamba kutoka upande wa Asumbi. Wakati huo hapakuwa na kijiji. Palikuwa na boma la wakwe zake juu ya mteremko, na chini yake palikuwa na kivuko. Nacho hakikuwa na mtumbwi wala kamba. Kilikuwa mahali ambapo mto hupanuka na kupungua kina, na watu wakavua viatu, wakakunja nguo, wakaingia majini. Upande huu, ambao ni Migori, kulikuwa na shule, kanisa la Waadventista na barabara ya kwenda sokoni. Ng'ambo, ambako ni Homa Bay, kulikuwa na watu waliovihitaji vitu hivyo. Kwa hiyo watu walilowa kila siku ya Mungu.

Maji hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa matope ya ukingo wa huku, matope meusi yanayong'ang'ania mguu kama deni. Mtu alivuka salama, akatoka mtoni akiwa msafi, kisha akapanda ukingo na kufika juu akiwa amevaa soksi za udongo.

Asubuhi moja Phelesia alikuwa akisugua masufuria alipomwona mwanamke kijana akipanda ukingo huo, viatu mkononi, kitabu cha mahudhurio kichwani, na uso wa mtu anayetaka kulia. Alikuwa Mwalimu Pauline, na hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kazi.

"Usiende hivyo, mwalimu," Phelesia alimwambia. "Watoto watakuchora ubaoni."

Alimwaga maji machafu, akasuuza karaya, akalijaza maji safi na kumwekea mbele yake. Pauline akaosha miguu. Phelesia akampa ncha ya leso yake ajifute. Kesho yake Pauline alirudi na walimu wenzake. Sabato ilipofika, wakaja waumini waliobeba viatu vyao vya kanisani kwapani kama kuku wa kuuza.

Mama mkwe wake hakufurahi. "Kwa hiyo tulitoa ng'ombe ili uje hapa kuosha miguu ya wapita njia?"

"Siwaoshi, Mama," Phelesia akajibu. "Ninawaazima karaya tu. Miguu wanajiosha wenyewe."

Hakutoza chochote kwa maji. Ila mtu aliyeketi akikausha miguu asubuhi ya baridi hutazama huku na huku akitafuta kitu cha moto, na Phelesia hakuwa mjinga. Akaleta sufuria ya chai, kisha mandazi, kisha kibanda cha nyasi. Walipomuuliza bei ya kunawa, aliwajibu maneno ambayo hadi leo yameandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wake: *Maji ni ya Mungu, chai ni yangu.*

Hivyo ndivyo kijiji kilivyoanza. Penye watu walioketi bila viatu, hapakosi mtu wa kuvitazama viatu vyenyewe, na ndipo alipokuja Gichana, fundi wa viatu kutoka Kisii, na sindano zake ndani ya kopo. Penye chai na mandazi, watu huuliza unga unasagwa wapi, na ndipo Boaz, shemeji yake Phelesia, alipoleta kinu cha kusagia mahindi. Risper akaja na cherehani, kwa kuwa nguo zilizokunjwa mtoni hutatuka. Nyasuguta akaja na ndizi. Baadaye wakaja kinyozi, muuza dagaa wa omena, fundi wa baiskeli ambaye siku hizi ni fundi wa pikipiki, na Jeff wa kuchaji simu. Nyumba za mabati zikajipanga pande mbili za njia. Nani hasa alimtangulia nani ni jambo lililokuja kuzua ugomvi, nami nitalifikia.

Kisha likaja daraja.

Watu wa Karaya walililia daraja hilo kwa miaka mingi, na Phelesia alilia kuliko wote. Aliwahi kumwona mtoto wa shule akisombwa na maji ya Aprili mpaka akanaswa na mti, na tangu siku hiyo hakukosa baraza hata moja. Wataalamu wa kaunti waliposema kwamba kivukoni udongo ni laini, na kwamba daraja litajengwa juu zaidi ambako mto unapita kati ya miamba, wengine walinung'unika. Phelesia alisimama.

"Jengeni penye mwamba," alisema. "Hata likipita juu ya choo changu, jengeni."

Likajengwa. Si mbali: ni umbali wa sufuria ya chai kuchemka ukitembea bila haraka. Lakini mto wa watu ulihamia huko siku ileile lilipofunguliwa. Ng'ombe wa kwenda mnada wa Ogwedhi walipita huko, pikipiki zilipita huko, walimu walipita huko wakiwa na viatu miguuni. Kivukoni wakabaki korongo na wafanyabiashara.

Chifu alikuwa amefikiria hilo. Alitenga kipande cha uwanja karibu na daraja kwa ajili ya watu wa Karaya, akawaambia wahamie kabla ya mvua za vuli. Wasipohamia, alisema, uwanja hauwezi kukaa bure na watu wanautaka, atawapa wengine. Kila mtu alielewa. Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Na hakuna aliyehama.

Wiki zikapita. Gichana alishona viatu vyake mwenyewe, kisha akavifumua na kuvishona tena. Risper alijishonea gauni, akalivaa, akakaa nalo mlangoni akitazama njia tupu. Kinu cha Boaz kilinguruma kwa ajili ya kuku. Kwa Phelesia tu ndiko kulikuwa na wateja, nao walikuwa majirani wale wale, wakinunua chai kwa kukopeshana maneno matamu.

Phelesia aliwatazama na moyo wake ukajaa. "Wananipenda," alijisemea. Aliamini kwamba walikuwa wakibaki kwa ajili yake, kwa sababu ya karaya lile la kwanza, na kwamba wanaona haya kumwacha. Naye alikuwa ameshaamua. Alitaka sana kwenda darajani. Kila siku aliwaza mahali ambapo angeweka jiko, pasipoingia upepo. Lakini hawa wote walikuwa wageni wake; aliwakaribisha mmoja mmoja. Mwenye nyumba hatoki nje na kufunga mlango wageni wakiwa bado wameketi. Wangeondoka wote kwanza, naye angefuata. Hivyo ndivyo alivyolelewa Asumbi, na hivyo ndivyo angefanya.

Kisha Jeff akaleta habari asubuhi moja. Alikuwa ametoka darajani. Alikuta fundi mbao asiyejulikana akipima uwanja wao kwa hatua, na watu wawili wenye suti wakimfuata nyuma wakionyeshana kwa vidole mahali pa duka lao.

Phelesia aliweka mwiko chini. Kijiji ambacho kilizaliwa miguuni pake kilikuwa kinaenda kufa, na watu wake walikuwa wamekaa wakinywa chai. Alitoka nje, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nyasuguta, ameketi nyuma ya rundo la ndizi zilizokuwa zimegeuka kutoka njano kuwa madoa, na kutoka madoa kuwa nyeusi.

"Binti yangu, ndizi hizi utamuuzia nani?"

"Nitakula, Mama Lynnet."

"Zote?"

"Nimeanza jana."

"Nenda darajani, Nyasuguta! Wewe ndizi unazibeba kichwani tu, huna hata mlango wa kufunga. Kwa nini hukwenda siku ya kwanza?"

Nyasuguta akamtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo. "Nimpite Risper? Risper alikuwa hapa kabla yangu. Huku kwenu nimefundishwa, Mama. Mdogo halimi kabla ya mkubwa, hapandi kabla ya mkubwa, hajengi kabla ya mkubwa. Mimi ni Mkisii lakini nina adabu."

Ni kweli kwamba katika boma la Wajaluo mambo yana mpangilio. Kaka mdogo hatangulii kutia jembe ardhini wala kujenga nyumba kabla ya kaka mkubwa. Akifanya hivyo anaivunja heshima ya boma zima, na wazee watakuambia kwamba balaa hufuata. Lakini hiyo ni sheria ya boma. Nani alisema ni sheria ya vibanda?

"Na Risper," aliuliza polepole, "yeye anangoja nini?"

Risper, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni kwake na gauni lake jipya, alijibu mwenyewe. "Mimi? Nimpite Boaz? Hapana, mama. Sijafika huko."

Phelesia akavuka njia mpaka kwenye kinu. "Shemeji, na wewe?"

Boaz alizima mashine, akapangusa unga kwenye nyusi. "Mimi niko tayari tangu daraja halijakauka saruji. Lakini shemeji, unataka watu waseme mdogo wa marehemu mume wako amekuruka akajenga mbele yako? Wewe ndiye wa kwanza hapa. Tunakungoja wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Tumekaa tunakula mitaji yetu, tunakungoja. Tukadhani hutaki kuhama. Tukasema, mama akitaka kufia kivukoni, tutafia naye."

Phelesia alishika kiuno. Kwanza aliguna, kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya gunia la Boaz.

"Yawa!" alisema alipopata pumzi. "Na mimi ninawangoja ninyi! Nilisema siwezi kuwaacha wageni nyumbani kwangu. Nimeng'ang'ania hapa kama kupe, nikidhani ninyi mnanionea huruma!"

Habari hiyo ilivuka kijiji kabla hajasimama. Watu walitoka vibandani wakicheka na kupigana vikumbo. Kinyozi alikiri kwamba amekuwa akimngoja Nyasuguta. Fundi wa pikipiki alikuwa akimngoja kinyozi. Jeff, ambaye alikuwa wa mwisho, alisema yeye alishakata tamaa na alikuwa ameanza kujifunza kuvua samaki. Heshima ilikuwa imewafunga wote kamba moja, na kila mmoja alikuwa ameshika ncha akidhani ni mwenzake aliyefunga.

"Basi tumalize," Phelesia alisema. "Kesho asubuhi tunahama. Mimi natangulia. Nani anafuata?"

"Mimi," alisema Boaz.

"Mimi," alisema Gichana.

Wakatazamana. Kicheko kikapungua, kwa maana jambo hilo halikuwahi kuulizwa.

"Omera, ndugu yangu," Boaz akaanza kwa upole wa mtu aliyejiandaa kwa vita, "kinu hiki kilikuja mwaka wa mafuriko makubwa."

"Yalikuwa mafuriko gani? Hapa kila mwaka ni mafuriko."

"Yale yaliyobeba choo cha kanisa."

"Choo cha kanisa kilibebwa mara mbili, Boaz. Mara ya kwanza nilikuwa hapa, nilikiona kikipita. Kilikuwa kimesimama wima kama mzee wa kanisa."

"Ulikuwa mpita njia tu. Huna ushahidi kwamba ulikuwa umeanza kazi. Wewe ulikuja na kopo. Mtu mwenye kopo anaweza kuwa anaenda popote."

Watu wakacheka. Risper akasema yeye anamuunga mkono Boaz; kinyozi akasema anamuunga mkono Gichana; wakaanza kukumbushana nani alizaliwa lini, nani aliozwa lini, bati la kwanza liliezekwa wapi, yule ndama wa Boaz aliyekula sabuni ya Risper alikufa au alipona. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Watoto waliokuwa wakipita kuchota maji walisimama na madumu yao wakasikiliza, maana hawakuwahi kuisikia Karaya ikisimuliwa yote kwa pamoja namna hiyo, kwa kelele, na kila mtu akimsahihisha mwenzake.

Mwishowe Gichana akainua kidole.

"Boaz. Siku kinu kilipowashwa mara ya kwanza, kilisaga?"

Boaz akakohoa. "Kilisaga."

"Kilisaga mara moja?"

"Kilisumbua kidogo."

"Kilisumbuaje, mzee wangu? Waambie watu."

Boaz akatazama mto. "Ukanda ulikatika."

"Ukanda ulikatika! Padre alikuwa amekuja kukibariki, watu wamejipanga na mahindi, ukanda ukakatika. Na nani aliushona ule ukanda?"

Boaz akaendelea kutazama mto.

"Nani, Boaz?"

"Wewe," alisema Boaz.

"Kwa uzi gani?"

"Uzi wa viatu."

Kelele iliyozuka iliwarusha korongo kutoka mtoni. Boaz mwenyewe alicheka, akanyoosha mkono, akamshika Gichana na kusema kwamba kwa kweli, bila uzi ule wa viatu, baraka za padre zingerudi Uriri zikiwa nzima. Gichana akawa wa pili, Boaz wa tatu, na hakuna aliyebisha tena.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, hewa safi, anga limeoshwa. Mtu anapohamia boma jipya kwa desturi ya huku hupeleka moto kutoka jiko la zamani, na jogoo. Phelesia ni Mwadventista wa miaka mingi, akasema hataki matambiko. "Moto ninaobeba ni wa chai," alisema. Hata hivyo aliutoa kwenye jiko lile lile, makaa mekundu chini ya majivu, akayaweka ndani ya karaya la zamani. Lilikuwa limekwisha kutoboka siku nyingi, halishiki maji, ila makaa lilishika vizuri. Akalitwika kichwani juu ya kata nene ya nguo, akatangulia.

Nyuma yake alifuata Gichana na kopo lake, kisha Boaz akisukuma mkokoteni wenye moyo wa kinu, kisha Risper na cherehani, kisha Nyasuguta na ndizi mbichi ambazo hatimaye zilikuwa na sababu ya kuiva. Wengine wakafuata kama walivyokuja duniani, namaanisha duniani kwa Karaya. Boaz, ambaye husali Katoliki na ana uvumilivu zaidi kwa mambo ya wazee, alikuwa amemfunga jogoo juu ya mkokoteni, "kwa ajili ya kitoweo tu, shemeji."

Walipofika uwanjani, mkokoteni uliruka jiwe. Kamba ikafunguka. Jogoo akashuka, akampita Boaz, akampita Gichana, akapita kati ya miguu ya Phelesia, akafika katikati ya uwanja kabla ya mtu yeyote, akapiga mbawa na kuwika.

Msafara wote ukasimama.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza Nyasuguta kwa hofu ya kweli. "Ametutangulia."

Phelesia alimtazama jogoo, na jogoo akamtazama Phelesia. "Huyo si mfanyabiashara," alisema. "Ni kitoweo. Piteni."

Fundi mbao wa watu wenye suti alikuwa papo hapo na kamba yake ya kupimia. Aliuona msafara ukimjia, na mwanamke mwenye moto kichwani akiutangulia. Hakuna aliyemkemea. Phelesia alimkaribisha chai. Akasema atakunywa baadaye, akakunja kamba yake, akaenda kuwatafuta matajiri wake awaambie kwamba uwanja una wenyewe.

Jiko likajengwa kwa mawe matatu mahali ambapo Phelesia alikuwa ameshapachagua moyoni. Makaa yakatoka kwenye karaya, kuni zikawaka, sufuria ikapanda. Jambo moja tu lilikuwa likimsumbua, akamnong'onezea Risper: darajani watu huvuka wakavu. Nani atakuwa na sababu ya kuketi?

Chai ilikuwa ndiyo kwanza inachemka alipotokea mwanamke mwenye mvi upande wa Homa Bay, akitembea katikati ya daraja na mwavuli wake kama mkimbizi wa jua. Alikuwa Mwalimu Pauline, ambaye amestaafu siku hizi na huvuka kwenda kuwatembelea wajukuu. Alifika bila kulowa hata kisigino. Akasalimia. Akaketi kwenye benchi lililokuwa bado linanuka mbao mpya. Kisha, akiendelea kuzungumza habari za wajukuu, akainama, akavua viatu, akanyoosha miguu yake misafi mbele, akangoja.

Watu walitazamana. Pauline naye akatazama miguu yake, akashtuka.

"Haki ya Mungu," alisema, "nimevua za nini?"

Kicheko cha Phelesia ndicho kilichosikika kwanza, na kingine chote kikafuata. Lakini alikuwa ameshanyanyuka. Lynnet alikuwa amemtumia karaya jipya kutoka mjini Homa Bay, bado lina karatasi ya dukani. Akaibandua karatasi, akajaza maji, akachanganya kidogo na ya moto kutoka kwenye sufuria, akalileta na kuliweka mbele ya mwalimu.

"Weka miguu, mwalimu. Njia ni ndefu hata ikiwa kavu."

Pauline akaweka miguu, akafumba macho. Nyuma yake mtu wa pikipiki aliyekuwa amesimama kutazama tu alizima injini, akateremka, na kuuliza kama benchi lina nafasi.

"Ipo," alisema Phelesia. "Maji ni ya Mungu."

"Na chai?"

"Vua viatu kwanza."